Ndege Kubwa Ilipotua, Mume Wangu Hakupatikana

“Shemeji, njoo uone maajabu ya mumeo! Watu elfu ishirini wameshaitazama hii!”

Kinyozi alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake, mkono mmoja ameshika mashine ya kunyolea, mwingine simu. Duka lake na kibanda changu cha kushona vimetenganishwa na ukuta mmoja. Niliacha sare za shule kwenye cherehani, nikaenda na tepu yangu shingoni. Mimi sikuwa na hamu ya ndege hata kidogo. Miaka minne ya ndoa na fundi friji anayeshinda kwenye uzio wa uwanja wa ndege inamtosha mwanamke yeyote. Mtaani walimwita Rubani, na hajawahi hata kupanda ndege.

“Ndiyo ile kubwa ya mizigo,” Kinyozi akaniambia. “Ile iliyoleta mtambo wa umeme. Mimi siku ile nilikuwa na wateja, nikaikosa, najilaumu mpaka leo. Mumeo ameirusha video yake jana kwenye kundi letu la watazama ndege. Dakika arobaini, haijakatika hata mara moja!”

Nikatazama. Mawingu, uzio, kisha kitu kikubwa kinashuka taratibu. Halafu nikasikia sauti ya mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Alikuwa anacheka.

“Jamani ee! Tazameni hayo mabawa! Mungu wangu, tazameni!”

“Hii ni ya lini?” nikauliza.

“Si ile Alhamisi, miezi miwili iliyopita. Ameandika hapo chini, saa tatu na dakika kumi asubuhi.”

Nikakaa kwenye benchi la wateja.

Ile Alhamisi ndiyo niliyompoteza mwanangu.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Saa tatu asubuhi nilianza kutokwa damu, niko peke yangu nyumbani. Nikampigia mume wangu. Simu ya kwanza iliita mara mbili ikakatika. Nikapiga tena, na tena, mara kumi na saba kwa jumla, na yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu bila huruma: “Mtumiaji wa simu unayempigia hapatikani kwa sasa.” Jirani ndiye aliyenikuta sakafuni. Mtoto wa kiume alitoka saa tano, ameshafariki. Daktari alisema ningefika nusu saa mapema, huenda angepona. Hilo “huenda” lilininyima usingizi kuliko maumivu yenyewe. Mume wa dada yangu na majirani wawili wakamzika alasiri ileile.

Mume wangu alitokea hospitali saa kumi na mbili jioni. Alipiga magoti mbele ya wauguzi, analia kama mtoto.

“Simu iliisha chaji, mke wangu. Nisamehe. Iliisha chaji.”

Nikamsamehe. Chaji inaweza kumwishia yeyote, hata rais.

Sasa pale kwa Kinyozi nikauliza polepole:

“Hii amerekodi kwa kamera?”

“Kamera aitoe wapi? Kwa simu yake ileile iliyopasuka kioo.”

“Na simu inarekodi dakika arobaini, hakuna aliyempigia ikakatika?”

Maskini akacheka. Hakujua anachochokoa.

“Siri yetu hiyo, shemeji! Ukitaka video isiharibike unazima mtandao kabisa. La sivyo mtu anakupigia, ‘Ukirudi pitia na maziwa,’ video inakatika, ndege imeshatua, umebaki na maziwa yako. Kila anayesimama pale uzioni anajua...”

Akaishusha simu polepole. Nadhani alianza kupiga hesabu za siku. Mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa akatutazama kwa zamu, akaona heri ainamishe macho.

Jioni nilimsubiri sebuleni. Aliingia na mkoba wake wa spana, ananuka gesi ya friji, anapiga mluzi.

“Ile Alhamisi,” nikamwambia, “simu yako ilikuwaje?”

Mluzi ukakoma.

“Si nilikuambia, mke wangu? Iliisha chaji.”

“Nimeiona video.”

Aliweka mkoba chini. Hakukaa.

“Simu iliyoisha chaji imerekodi dakika arobaini,” nikasema. “Hiyo ni simu au jini?”

“Nilizima mtandao tu. Naapa sikujua kama unanihitaji. Nilijua umebakiza miezi miwili.”

“Baada ya dakika arobaini?”

“Walikuwa wanashusha mzigo. Pua yake inafunguka juu, mtambo mzima unatolewa... Nikasahau kuwasha. Nilisahau, mama. Nilikuja kukumbuka jioni, iliporuka.”

“Na kwa nini ulinidanganya?”

“Niliogopa utaniacha.”

“Njia ya mwongo ni fupi. Wewe umejitahidi, umetembea miezi miwili.”

Nilichukua nguo zangu chache nikaenda kwa dada. Hakunizuia. Alinibebea begi mpaka barabarani, akanisimamishia gari, akalia mbele ya kondakta. Nami nililia, lakini mimi nilisubiri gari liondoke.

Meseji zikaanza.

“Nimeifuta video. Nimejitoa kwenye kundi.”

“Nimepika wali ukaungua. Nimeula hivyohivyo.”

“Mke wangu, nyumba imekuwa kubwa.”

Sikujibu hata moja, ila nilizisoma zote, nyingine mara tatu. Dada yangu aliniona, akaja kukaa kando yangu.

“Mdogo wangu, mwanaume hajakupiga, hanywi, hana hawara. Hawara wake ni ndege.”

“Hawara ningemvuta nywele, dada. Ndege nitaivuta nini?”

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu ile Alhamisi, na baada ya kucheka nikaona aibu, kama mtu aliyekula mchana wa mfungo.

Wiki tatu zikapita. Hasira ni mzigo, wanawake wenzangu, na mimi nilikuwa nimechoka kuubeba. Nilianza kujiambia kwamba kusahau si kuua. Nilimkumbuka anavyonikanda miguu nikitoka kibandani, anavyonieleza aina za injini nami nasinzia. Siku moja akaandika:

“Ile ndege inarudi kesho na mtambo wa pili. Siendi. Naomba nije nikuone tu, dakika tano.”

Nikajibu kwa mara ya kwanza: “Njoo.”

Usiku ule sikumwambia dada kitu. Nilikunja nguo zangu nikazirudisha kwenye begi, nikaliegesha nyuma ya mlango.

Alikuja asubuhi, manyunyu yanadondoka. Shati limempwaya.

“Karibu shemeji,” dada akamwambia. “Mbona umekonda hivyo?”

“Nakula, shemeji. Chakula ndicho hakikai.”

Nikachukua mwavuli.

“Twende uwanja wa ndege.”

“Nimekuambia siendi.”

“Ninayekwenda ni mimi. Nataka kukiona hicho kilichonishinda.”

Uzioni palikuwa na watu kama thelathini, wengine wamepanda juu ya ndoo. Kinyozi alituona akajifanya anafunga kamba za viatu. Tukasimama pembeni, mwavuli mmoja, mabega hayagusani.

“Ile pale,” mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

Sikuona kitu ila taa nne kwenye wingu. Nilidhani itakuja mbio. Kumbe ilikuwa kama imesimama hewani, inakua tu. Ikakua, ikakua, nikajikuta narudi nyuma. Hakuna aliyeniambia kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kuja polepole hivyo. Mabawa yalikuwa yamepinda kwa uzito. Ilipita juu yetu, tumbo lake jeupe likaziba mbingu, nikahesabu magurudumu nikapotea. Kelele zake sikuzisikia kwa masikio, nilizisikia kwenye mbavu. Mwavuli ukapinduka. Ikagusa ardhi, moshi ukatoka kwenye matairi, uzio ukatetemeka mikononi mwangu. Watu walipiga kelele. Na mimi nilipiga kelele, jamani. Nilifungua mdomo wazi nikaita Mungu.

Ilirudi taratibu ikapita mbele yetu, karibu mno. Mtu aliyesimama chini yake kuiongoza alikuwa kama kokwa.

Kwa dakika nzima, pengine mbili, sikumkumbuka mwanangu.

Nilipomkumbuka nilishika uzio nikalia. Mume wangu alinyoosha mkono akaogopa kunigusa.

“Sasa nimeelewa,” nikamwambia. “Mtu anaweza kusahau dunia hapa. Hata mimi nimesahau. Begi langu liko tayari kwa dada. Tukitoka hapa tulipitie, twende nyumbani.”

Nilitegemea atanikumbatia. Aliukamata uzio kwa mikono miwili, akatazama nyasi.

“Sikusahau,” akasema.

“Unasema?”

“Uliponipigia ile mara ya kwanza, mtandao ulikuwa bado uko hewani. Ndege ilikuwa haijaonekana. Simu ikaita mkononi mwangu, nikaona jina lako. Nikajua nikipokea utasema rudi, na ukisema rudi nitarudi. Nikakata. Ndipo nikazima mtandao. Jioni nilipouwasha nilishajua ni wewe niliyekukimbia.”

Simu iliyoita mara mbili. Miezi yote ile nilidhani hapo ndipo chaji ilipoisha.

“Uliona jina langu.”

“Niliona.”

“Ukajua nina mimba ya miezi saba na niko peke yangu.”

“Nilijua.”

Nilitaka kumpiga. Mkono haukunyanyuka.

“Kwa nini unaniambia leo? Nimeshasema narudi! Ungenyamaza tu! Nani angejua?”

“Mimi ningejua. Ungelala kando yangu kila siku unadhani umenisamehe, kumbe hujui ulichosamehe. Nimeshakuibia mengi, mama. Hilo nimeshindwa.”

Huko nyuma watu wakashangilia kwa nguvu, nadhani pua ya ndege ilikuwa inafunguka. Hakugeuka.

“Umeshafika kaburini kwake?” nikamuuliza.

“Bado.”

“Tangu siku ile?”

“Ningekwenda na uso gani?”

“Na huo huo ulio nao. Twende. Hayo uliyoniambia mimi, kamwambie yeye.”

Tulikwenda kwa miguu, nusu saa. Mvua ilishakuwa mvua kamili. Tulipoingia makaburini nilisimama nikamwacha atangulie. Alipiga hatua tano, kumi, akasimama katikati. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akanigeukia.

“Ni lipi?” akaniuliza.

Baba mzazi, wanawake wenzangu. Fundi anayeitambua ndege kwa mlio ikiwa bado mawinguni, na kaburi la mwanawe wa pekee hajui ni lipi.

Nikamwonyesha. Kichuguu kifupi, hatua moja tu, majani yameanza kuota. Akapiga magoti kwenye tope. Akayang'oa yale majani moja moja, mpaka nikadhani hataweza kusema.

“Mwanangu,” akasema. “Mama yako aliniita nije kukuokoa. Mimi nikakata simu.”

Akalala kifudifudi palepale. Nilikaa naye. Sikuweza kumwacha peke yake mahali pale, na sikuweza kumshika mkono. Mvua ilipokatika nilimsaidia kuinuka, nikamfuta tope usoni kwa khanga yangu, nikamsindikiza mpaka njia panda.

“Kwaheri, mume wangu,” nikamwambia.

Alielewa. Aliitikia kwa kichwa akaenda upande wake.

Najua mtaniuliza kama nilirudi baadaye, hasira zilipopoa. Zimepoa zamani. Nampenda mpaka leo, na sikurudi.