Aliyeufunika Ukurasa wa Pokea Mwana

Sumaiya aligundua kuwa ukurasa umetoweka akiwa ananyonyesha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake Kwahani, mwanawe Tahir ananyonya huku macho yanamlegea, na yeye kwa mkono uliobaki akafungua simu autupie jicho ukurasa wa jumuiya, kama mtu anavyofunua chungu kabla hajatoka jikoni. Ukurasa haukuwepo. Akalitafuta jina, akaletewa duka la nepi la Mombasa. Akatafuta tena. Alichokikuta ni taarifa fupi iliyoingia jana yake, Ijumaa saa kumi alasiri, kwamba yeye ameondolewa katika usimamizi wa ukurasa wa Pokea Mwana.

Pokea Mwana ilikuwa jumuiya ya wanawake wa mjini. Ilianza kwa kupeleka vifurushi vya sabuni, nepi na kanga kwa mama anayetoka arubaini, siku ambazo jamaa huanza kurudi makwao na mama akabaki peke yake na mtoto. Kisha Sumaiya akajifunza kompyuta katika darasa la jioni, akaufungua huo ukurasa, na jumuiya ikapata miguu. Mama wa shamba akishikwa na uchungu aliandika pale, na mwenye gari aliye karibu akamfuata. Watoto wangapi walizaliwa hospitali badala ya njiani, Sumaiya hakuwahi kuhesabu. Lakini akipita sokoni akamwona mtoto mgongoni mwa mamaye, alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Sasa moyo wake ulikuwa Mkokotoni. Huko alikuwepo Wanu, binti mpole aliyepoteza mimba yake ya kwanza kwa kusubiri gari, na sasa siku zake zilikuwa zimewadia tena. Njia pekee aliyopewa ya kuita gari ilikuwa ukurasa ule.

Akamfunga Tahir kwa kanga, akatoka.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha juu, Mkunazini. Alimkuta mwenyekiti, Bi Kulthum, ameshaketi.

"Shikamoo Bi Kulthum."

"Marahaba mwanangu. Nshasikia. Keti kwanza, usije ukaanguka na mtoto."

Bi Kulthum ndiye aliyekuwa msimamizi wa pili wa ukurasa. Macho yake hayakuwa na nguvu, kwa hivyo kila jambo alilituma kwa sauti, hata salamu ya asubuhi. Aliitoa simu aonyeshe kwamba na yeye ukurasa hauoni. Alipitisha kidole juu ya kioo, simu ikafunguka hapo hapo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa hina na piko hadi nchani, maana jana alikuwa harusini kwa jirani yake, Shangani. Sumaiya alimwuliza simu ilikuwa wapi saa kumi alasiri. Akajibiwa ilipokuwa simu ya kila mwanamke mwenye adabu: kapuni mlangoni, ili asitokee mtu akawapiga picha wenzake wamevua mabuibui.

Katibu wa jumuiya, Ibtisam, alikuwa akimimina chai. Ibtisam aliolewa Mbweni, lakini kwao ni mjini, watu wa jina, na tangu jumuiya inaanza yeye na Bi Kulthum walikuwa hawaachani. Alimpa Sumaiya kikombe na kumpokea mtoto.

"Harusi yenyewe sijui ilikuwaje," alisema. "Mimi hata wali nliula umepoa, nlikuwa mlangoni."

Bi Kulthum hakuwa na shaka juu ya mwizi. Alimtaja Ammar, kijana aliyekuwa akiwapigia picha zamani, wakagombana kwa sababu alipenda kuwapiga akina mama wakilia. Siku anaondoka aliapa kwamba bila yeye ukurasa utakufa. Sasa alikuwa akifanya kazi hoteli moja Kendwa.

"Nnakwenda," alisema Sumaiya. "Lakini nnaanzia Mkokotoni."

Dereva wa kujitolea aliyekuwa zamu siku ile alikuwa Pandu, mzee wa maneno machache. Njia nzima Sumaiya alikuwa akijiandaa kwa habari mbaya. Walimkuta Wanu uani, ameketi kitini, tumbo mbele yake, anachambua mchele.

Sumaiya alimwomba radhi. Akamweleza kwamba ukurasa umezimika, na kwamba amekuja mwenyewe ili asije akaandika akangoja bure. Wanu akashangaa.

"Mbona mlishaniambia?"

"Nani kakuambia?"

"Nyinyi wenyewe. Jana."

Akaleta simu. Ujumbe ulitoka Pokea Mwana, Ijumaa, muda mchache kabla ya saa kumi. Ulimwambia kwa maneno ya upole kwamba ukurasa utafungwa kwa muda, asiogope, na uchungu ukimshika ampigie Pandu moja kwa moja. Namba iliwekwa chini yake. Wanu alisema mwenzake wa Tumbatu, ambaye naye yu karibu kujifungua, alipata ujumbe kama huo.

Sumaiya aliusoma mara mbili. Pandu alichungulia namba yake, akasema hakuna aliyemwomba ruhusa, lakini hajakataa.

Mwizi gani huyu, alijiuliza garini, anayevunja mlango kisha akawasha taa ili watu wasijikwae? Tena aliwajua mama walio karibu kujifungua. Hilo Ammar hakulijua tena. Waliolijua walikuwa watatu tu: yeye, Bi Kulthum na Ibtisam. Na simu iliyotumika lazima iwe ya Bi Kulthum, kwani msimamizi mwingine hakuwepo. Ina maana mama yule mtu mzima amemgeuka? Kisha akakumbuka kwamba ule ujumbe ulikuwa wa maandishi, na Bi Kulthum hajawahi kumwandikia mtu hata neno moja.

Hata hivyo alikwenda Kendwa, maana mtu hahukumiwi wala hasafishwi kwa kukisiwa. Ammar alitoka nyuma ya hoteli na sare yake, akamtazama yeye na mtoto, akacheka.

"Umekuja kunikamata na askari mchanga?"

"Nimekuja kukuuliza. Ukurasa umezimwa."

Kicheko kikakatika. Alisema alitolewa usimamizi siku ile ile waliyogombana, na Sumaiya alijua ni kweli, kwa kuwa alimtoa kwa mkono wake. Kisha Ammar akauliza swali lililomkaa Sumaiya kichwani: mwizi ameutumia kufanya nini? Ameuza? Ametukana? Ameomba watu kitu?

"Hakufanya lolote. Umefungwa tu."

"Basi huyo si mwizi, dada. Mwizi wa ukurasa anautaka ukurasa. Huyu kaufunika. Tafuta alichokuwa hataki kionekane."

Akatoa simu yake. Alikiri kwa aibu kidogo kwamba bado huwasambazia watu picha za Pokea Mwana, kwa sababu wafanyakazi wenzake wengi wana wake makwao. Ya mwisho aliyoisambaza ilikuwa ya juma lile. Picha yenyewe haikufunguka tena, ilibaki pengo la kijivu, lakini maneno ya watu chini yake yalikuwepo yote.

Sumaiya aliikumbuka picha. Aliipiga yeye. Ibtisam ndiye aliyemwelekeza nyumba, Sokomuhogo, akisema huyo ni mama asiyependa maneno mengi. Mama alipokea kifurushi mlangoni, na Sumaiya akamziba uso kwa stika ya moyo, akaridhika kwamba amemsitiri.

Akasoma.

"Huu si mlango wa kwao marehemu Sheikh Sleiman?"

"Ndio wenyewe, tazama ile minyororo iliyochongwa. Leo hata wao wanapelekewa sabuni?"

"Mtoto wake yupi huyo? Mkubwa si kaolewa Mbweni?"

Sumaiya aliyarudia maneno hayo mpaka Tahir akaanza kulia. Yeye alizaliwa Ng'ambo, mitaa ya nje ya mji wa zamani, na kwao mlango ni mbao na kitasa. Watu wa Mji Mkongwe wanautambua mlango wa mtu kabla hawajamtambua uso. Alikuwa ameuziba uso na kuliacha jina la ukoo mzima wazi.

Waliporudi mjini, kabla ya kwenda ofisini, alimwomba Pandu asimame Sokomuhogo. Akabisha hodi. Alizungumza na mwenye nyumba kwa muda, kisha wakafuatana.

Ilikuwa baada ya alasiri. Bi Kulthum na Ibtisam walikuwa bado ofisini. Sumaiya alimwomba mgeni wake asubiri kidogo ngazini, akaingia peke yake.

"Bi Kulthum, simu yako ulikuwa ukiifungua kwa kidole. Leo imefunguka bila kufuli. Tangu lini?"

"Tangu nlipopakwa hina, mwanangu. Kidole ikawa haikitaki, kila saa inakikataa. Nkamwambia mtu anitolee hiyo kufuli."

"Nani?"

Bi Kulthum alifungua mdomo, kisha akageuka taratibu kumtazama aliyekuwa karibu yake.

"Na kapu la simu pale harusini," Sumaiya akaendelea, "nani aliketi nalo mlangoni mpaka wali ukapoa?"

Ibtisam hakukimbia wala hakukana. Aliweka kikombe chini.

"Mimi," alisema. "Nliitoa simu ya Bi Kulthum kapuni, nkajitia mimi msimamizi, nkawatoa nyinyi. Lakini sikufuta kitu. Nimeuzima tu. Kila kitu kimo."

"Na ukawaandikia akina Wanu kwanza."

"Ningewaachaje?"

Bi Kulthum, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barazani, aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusema tu kwamba picha ile iondolewe. Hapo ndipo Ibtisam alipokasirika. Alisema kifurushi aliomba yeye kwa ajili ya mdogo wake, Wafaa, ambaye mumewe kazi imemwondokea, na Wafaa mwenyewe alipokea kwa kusitasita. Kisha picha ikaenea.

"Ningeiondoa moja ile, kila mtu angeuliza imeondolewa kwa nini, ya nani, wa mlango gani. Zikipotea zote, hakuna anayeuliza ya kwetu. Wewe Sumaiya ulimziba uso kama unaziba kopo. Hukumwuliza."

Neno hilo lilimwingia. Sumaiya hakujitetea.

"Kweli. Sikumwuliza. Nilipaswa nimwulize kabla sijainua simu, na nimekwenda kumwomba radhi leo. Lakini na wewe, Ibtisam, ulimwuliza?"

Ibtisam akakiinua tena kikombe alichokuwa amekiweka chini.

Sumaiya akafungua mlango. Wafaa aliingia na kichanga chake begani, mwanamke mrefu, shingo imesimama kama aliyezoea kutazamwa. Alimwamkia Bi Kulthum, akakataa kiti.

"Picha nliiona kabla yako, dada," alimwambia nduguye. "Na maneno nliyasoma yote. Kulia nililia. Sikulia kwa sababu ya sabuni. Nililia kwa sababu nyinyi wawili mmenifanya jambo la kufichwa, mmoja kwa stika, mwengine kwa kufunga duka zima. Mkinionyesha, nionyesheni na jina langu. Mkinificha, nificheni kweli. Na kabla ya yote mniulize."

Bi Kulthum alisema haki ya nani, miaka yote hii ya kuwapokea watoto wa watu, hakuna aliyewafundisha neno hilo. Kisha akatoa hukumu yake, papo hapo. Ibtisam ataurudisha ukurasa sasa hivi, na Ijumaa ijayo atasimama mbele ya wanachama wote aeleze alichokifanya, na wao ndio watakaoamua kama ataendelea kuwa katibu. Na tangu leo hakuna picha ya mama itakayotoka bila mama mwenyewe kuiona na kuikubali, uso wake, mlango wake, hata ua wake. Ibtisam akaitika, naam, huku machozi yakimtiririka. Akachukua simu yake, akawarudisha wasimamizi wawili, akauwasha ukurasa.

Ujumbe ulianza kuingia mmoja baada ya mmoja, watu wanauliza mlipotelea wapi. Wafaa aliutazama kwa muda, akampa Ibtisam mtoto ampakate, akajitanda ushungi vizuri.

"Sasa niulizeni," alisema.

Sumaiya akamwuliza kama yuko radhi kurekodiwa. Wafaa akasema yuko radhi, na akataka lionekane lote, yeye na chumba na akina mama waliomo.

"Mimi ni Wafaa binti Sleiman, wa Sokomuhogo," alianza, akiitazama simu kama anayemtazama mtu. "Nimejifungua mtoto wa kike, na wanawake wenzangu wamenipokea. Wanaotaka kujua ni mlango gani, ni ule ule. Arubaini yangu imetoka, leseni ya gari nnayo, na gari la marehemu baba lingalipo. Mama yeyote wa mjini uchungu ukimshika, aandike hapa. Nnakuja mimi."

Katikati ya maneno hayo Tahir alilia, mtoto wa Wafaa akamfuata, na Bi Kulthum akasikika akiwabembeleza wote wawili kwa pamoja. Sumaiya alimwuliza Wafaa kama akate sehemu ile yenye kelele.

"Usikate kitu," alisema Wafaa. "Peleka."