Neno la Zamu

Mke wangu hafungui mlango kwa kubishiwa. Hata nikibisha mimi, mumewe, na mvua imenilowesha chapachapa, atakaa kimya mpaka nifungue mwenyewe. Nilidhani ni kiburi. Tukagombana nusura tuachane, mpaka mama mkwe aliponieleza.

Marehemu baba mkwe alikuwa sajini, miaka ishirini jeshini. Kila alipokwenda vitani alimnong'oneza binti yake, huyu mke wangu, neno moja. Akirudi anabisha, binti anauliza, "Nani?"

"Rafiki."

"Neno?"

Akilitaja, komeo linafunguliwa. Mama mtu alikuwa akicheka: "Nyumba hii imekuwa lindo!"

Safari ya mwisho neno lilikuwa birika. Binti alikuwa na miaka kumi. Miezi miwili baadaye wakaletewa jeneza lililopigiliwa misumari, na amri kwamba lisifunguliwe. Mama hakukubali. "Nimezika mbao," alisema, na kila wiki akaendelea kupiga pasi sare za mumewe.

Binti alikosea jambo moja tu. Siku mdogo wake wa miaka minne alipomlilia baba bila kunyamaza, alimnong'oneza lile neno ili atulie.

Jumapili moja, saa saba mchana, jua kali, mlango ukabishwa mara tatu.

"Nani?" binti akauliza.

"Rafiki."

Sauti ilikuwa ya baba yake. Mama akaiacha pasi juu ya shati, kitambaa kikaanza kutoa moshi.

"Neno?"

"Sabuni."

Hilo lilikuwa la mwaka uliopita.

"Ndoo."

La mwaka wa juzi. Akayataja yote, moja baada ya jingine, mpaka lile la kwanza kabisa. La mwisho hakulijua.

"Fungua, baba yako huyo," mama akanong'ona, machozi yakimtiririka.

"Siyo yeye, Mama."

Binti akaegemeza mgongo kwenye komeo. Alijua kwamba kikiingia hicho, hakitatoka mikono mitupu. Kule nje sauti ikabadilika.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na lako nitalivunja mimi, mkaidi wewe."

Baba yake hakuwahi kumtukana hata siku moja. Lakini hakuondoka.

Mdogo wake alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango.

"Baba," akanong'ona. "Sema birika."

Kisha, kutoka chini kabisa, usawa wa mdomo wa mtoto:

"Birika."

Mama akamsukuma binti kando. Akavuta komeo.

Nje hapakuwa na mtu. Jua tu, na kuku wa jirani wakiparua mchanga. Mama akabaki kizingitini. Binti akageuka.

Mdogo wake hakuwepo sakafuni.

Kutoka chumba cha wazazi, ndani, sauti ileile ikasema taratibu, "Zamu yako imekwisha. Nenda kalale."

Walikimbilia huko. Mtoto alikuwa peke yake, amesimama wima, mikono imenyooka mapajani, macho mbele. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Hakuna hata mkato mmoja, wala unywele sakafuni. Walimwita jina lake mara nne ndipo akapepesa macho.

Wiki hiyohiyo walihama. Mke wangu hajajisamehe mpaka leo, na mimi kila nikisikia habari hii namchukia aliyebisha, awe mzimu, awe shetani.

Shemeji yangu sasa ana miaka ishirini. Mwezi uliopita alijiandikisha jeshini bila kumuaga hata yule dada aliyemlea. Mama mkwe hakulia. "Huyo walishamchukua," alisema.

Siku ya kwanza kambini walipangwa foleni wanyolewe. Shemeji alipovua kofia, kinyozi akapitisha kiganja utosini, akaguna.

"Wewe, nani kaniwahi?"

"Baba," akajibu. "Tangu siku ile nywele hazijaota."