Bei ya Nyufa Bandia

"Mgeni amepandisha bei. Mshushe kabla ya saa sita."

Kipanga alipunguza sauti ya redio, akatazama saa yake ya Casio. Saa tano na nusu.

Alikuwa ghorofa ya tisa, ndani ya ovaroli ya fundi wa viyoyozi, bastola ya Beretta ikiwa imelala chini ya bisibisi. Nyuma ya ukuta, benki nane zilikuwa zinapanga riba ya mkopo mmoja wa kampuni ya umeme. Riba ikiwa asilimia tisa, mtambo mpya unajengwa kwenye bwawa. Ikifika kumi na nne, fedha za mtambo zitaishia kwenye riba. Na dada yake, mkunga, ataendelea kuzalisha gizani. Mwezi uliopita mtoto aliyekuwa akimzalisha alimfia mikononi umeme ulipokatika, na Kipanga hakuweza kumtazama usoni.

Kinasa sauti kilichofichwa ukumbini kilimletea sauti ya Miwani, mjumbe wa benki kinara ya ng'ambo, iliyouongoza mkopo.

"Bwawa lina nyufa. Ripoti ya mhandisi hiyo hapo. Chini ya kumi na nne, tunajichimbia kaburi."

Sauti mbili tatu zikakubali. Wageni huitoza nchi changa hata kwa wasichokijua, na Miwani alijua kuuza hofu.

Ripoti ilikuwa ya kughushi. Mhandisi aliyetajwa hakuwa ameonekana kwa siku tatu.

Mwisho wa korido, mlinzi wa ofisi aliyopewa Miwani aligeuka, akakutana na kiwiko cha Kipanga. Akalala.

Waya, kitasa, mkoba. Ndani ya mkoba, fomu moja.

Katika mikopo ya pamoja, benki kinara hutangaza fungu la mkopo inalobaki nalo, na benki nyingine hupimia hofu yao hapo. Miwani alikuwa ametangaza fungu dogo kabisa. Fomu hii, yenye saini yake, ilinunua nusu ya mkopo mzima kupitia kampuni ya pembeni. Mmiliki wa kampuni hiyo ni yeye.

"Kipanga, dakika nne," redio ilinong'ona.

"Zinatosha."

Akausukuma mlango wa ukumbi.

"Fundi, huoni tuko kikaoni?" Miwani alifoka.

Kipanga alimpita, akaenda kwa mwenyekiti, mama wa makamo aliyeongoza benki za nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Huyu anawaambia chakula kina sumu, kumbe amejipakulia nusu ya sufuria. Soma."

Mama alisoma mara mbili. Mkono wa Miwani uliingia kotini.

Beretta ilikuwa tayari inamtazama.

"Mikono mezani, kaka. Mhandisi yuko wapi?"

Miwani alitabasamu kidogo. "Aligoma kusaini. Mmechelewa."

Wenzake wa usalama waliingia, wakamfunga pingu. Mama akairarua ripoti ya nyufa.

"Tisa," alisema.

Mikono saba ikanyanyuka, mmoja baada ya mwingine.

Kipanga alishuka kwa ngazi.

"Umemaliza?" redio iliuliza.

"Tisa. Utafuteni mwili wa mhandisi. Mkewe nitamwambia mimi."

Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akavuka barabara bila haraka.