Uso Si Kola

Povu lilikuwa limeshamfika masikioni, na Kitinda bado alikuwa anasugua. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Alikuwa ameinama juu ya karo, nyuma ya duka la mama yake la udobi, mkononi ana kipande cha sabuni ambacho Mama alikitumia kwa kola za mashati tu. Mara nyingi alikuwa ameona kola nyeusi tititi ikitoka hapo nyeupe pe. Akajiambia kwamba sabuni inayoshinda uchafu wa shingo za watu wazima haiwezi kushindwa na uso wake.

"Kikaango!" Dada yake alimwita kutoka mlangoni. "Bado unajisugua? Mama anauliza mezani yuko nani."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Hiyo pua ikipata moto kidogo tu, tunakaanga mayai."

Kitinda alimrushia maji. Dada aliruka pembeni, akacheka, akaenda zake.

Tangu shule zifungwe, wawili hao walikuwa hawasemeshani vizuri. Ugomvi ulikuwa juu ya meza ya mbele. Zamani Dada ndiye aliyepokea wateja. Likizo hii Mama alimpa Kitinda kazi hiyo, kwa sababu binti huyo alikumbuka nguo za kila mteja bila kuulizwa. Dada akapelekwa kwenye pasi, kwenye joto, na hakusamehe.

Kitinda alipojikausha, mashavu yalimbana kama shati lililosinyaa. Kila alipofungua kinywa, ngozi ilimchoma. Lakini hata kabla ya adhuhuri paji la uso na pua vilikuwa vinang'aa tena kwa mafuta, na vipele vipya vimechomoza. Huku pakavu, huku panateleza. Hakuelewa uso wake unataka nini.

Mwanamke mmoja aliyeleta shuka alimtazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu mtoto ana nini usoni? Isije ikawa inaambukiza! Shuka zangu asiziguse."

Mama alitoka haraka. "Kitinda, nenda nyuma. Dada yako atashika meza."

"Mama, siumwi!"

"Nimesema nenda. Mteja akiingiwa na shaka harudi."

Dada alikuwa ameshavua aproni. Walipokutana kwenye kijia chembamba kati ya rafu, Kitinda alimziba njia.

"Ni wewe! Ulinipa mafuta yako makusudi. Vipele vilianza hapo."

"Uliyaomba mwenyewe, ukayalilia! Mbona mimi nayapaka kila siku na sina kitu?"

"Kwa sababu una roho mbaya. Hata vipele vinakuogopa!"

Dada alimsukuma, Kitinda akamsukuma pia, na rundo la shuka zilizokwisha kupigwa pasi likaanguka kwenye sakafu yenye maji.

"Haya!" Mama alifoka. "Ninalea mabinti au nafuga majogoo?"

Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa amekuja kuchukua sare zake, alisogea karibu. Hakucheka. "Njoo kwenye mwanga, mwanangu. Uso unauoshea nini?"

Kitinda alianza kuokota shuka.

"Sabuni ya kola," Dada alisema.

"Ya nini?" Mama alishika kichwa. "Mimi mwenyewe naishika kwa glavu!"

Muuguzi aliuangalia uso ule kwa makini, kisha na wa Dada. "Haiambukizi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mezani.

"Mimi niliuliza tu," mwenye shuka alinung'unika.

"Na dada yako hakukudhuru makusudi," muuguzi aliendelea. "Ngozi yake ni kavu yote, mafuta mazito yanamfaa. Yako ni mchanganyiko: paji, pua na kidevu vina mafuta, mashavu ni makavu. Sabuni kali imeyachubua mashavu. Mafuta mazito nayo yameziba vinyweleo pajini."

"Sasa nifanye nini?"

"Asubuhi na jioni, osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato. Tumia vidole tu, usisugue. Jikaushe kwa kugusagusa. Uso ukiwa bado na unyevu, paka losheni nyepesi mashavuni. Pajini na puani, kidogo mno. Usitumbue vipele, na usibadilishe dawa kila siku. Ngozi inataka wiki kadhaa. Ikizidi kuuma, njoo zahanati."

"Wiki kadhaa? Na meza yangu je?"

Muuguzi alimtazama Mama. Mama akasema, "Meza ni yako kuanzia kesho. Anayeogopa vipele atazoea. Lakini sikia, Kitinda. Sabuni ile si mbaya, wala mafuta ya dada yako si mabaya. Ulikosea kujipaka kitu bila kujua kama kinakufaa. Jifunze kwanza mwili wako, na usipoelewa, muulize anayejua. Kuuliza si aibu." Akamgeukia Dada. "Na wewe mkubwa, mwenzako anaumia, unamtungia jina. Sitaki kulisikia tena humu."

"Sawa," Dada alijibu akiangalia ukuta.

"Hizo shuka mlizoangusha mtazifua nyinyi wawili."

Wakafua, kila mmoja upande wake wa karo.

"Unanimwagia," Dada alisema.

"Sogea basi."

"Bado nimekukasirikia."

"Hata mimi."

Giza lilipoanza kuingia, nusu ya shuka zilikuwa hazijaguswa. Mama alichungulia. "Zilizobaki ziloweke. Mtamaliza kesho."

Dada alizizamisha majini, akakung'uta mikono. "Asubuhi nitakupashia maji ya kunawa uso," alisema. "Usidhani nakubembeleza. Nimechoka tu na kelele zako."

"Yawe vuguvugu," Kitinda alisema. "Si ya moto."

"Nilisikia. Sina masikio ya mbao."