Tone la Rangi ya Kucha

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi viatu. Mkewe alitia tone jekundu la rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti cha redio yao kubwa: muziki usivuke hapo. Mke akafa, vitu vyake vikagawiwa, na nyumba ikawa kimya mpaka mlio wa saa ya ukutani ukamkera fundi.

Akaenda dukani kununua kisanduku kinachovuta nyimbo mtandaoni.

"Kiwe na kitufe cha kuzungusha kwa mkono."

"Babu, siku hizi watu wanatumia simu."

"Simu ya nini? Miaka thelathini nimesikiliza muziki wa kunong'ona. Leo nataka majirani wanune."

Jioni akakiunganisha na spika zake, akafunga mlango kwa komeo, akazungusha kitufe hadi mwisho. Hata pumzi ya mwimbaji ilisikika. Mara umeme ukakatika. Akabaki gizani kama mzigo uliosahauliwa, akasikia kifuniko cha chupa ndogo kikifunguliwa taratibu, pale pale penye spika.

Umeme uliporudi, wimbo uliendelea kwa sauti ya chini. Akashika kitufe apandishe. Kidole kikarudi na rangi nyekundu, bado haijakauka.