Ini la Bathsheba Halikuwa na Kosa

Wewe ulimwona. Usiniambie hukumwona. Bathsheba aliuza ndizi soko la Ndhiwa, tumbo likivimba, mashavu yakibonyea. Ulichagua ndizi zako ukitazama pembeni. Kisha ukasema nyumbani, "Yule mama anakunywa kisirisiri."

Bathsheba hajawahi kuonja pombe. Ni shemasi wa Kisabato. Yeye ndiye aliyekuwa akioka mkate wa Meza ya Bwana. Lakini Nyarangi, kiongozi wa kina mama kanisani, alimwita kando.

"Dada, mkate tutaoka sisi. Wewe pumzika."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Watu wanaongea, dada. Hilo tumbo..."

"Limefanya nini? Limeiba?"

Mkate waliuoka wengine.

Maumivu yalianzia chini ya kitovu. Bathsheba alimwambia mumewe tu, Mogire. Wakaenda kliniki.

"Anaumwa wapi?" daktari aliuliza.

"Tumbo," Mogire alijibu.

Bathsheba akafungua mdomo aseme. Mogire akamkanyaga mguu. Kwake, mwanaume mgeni haambiwi mambo ya chini.

Damu ilipimwa. Ilikuwa na kitu ambacho huongezeka sana mtu akiwa na saratani ya ini.

"Ni ini," daktari alisema. "Mrudishe nyumbani."

Hakumpiga picha ya tumbo. Hakumgusa chini ya kitovu. Waumini walikuja, wakaweka mikono juu ya mbavu, wakaombea ini. Ini ambalo halikuwa na kosa! Nami nakumbuka wengine, Kendu Bay, Rusinga. Tulisema ini, tukawafukia. Nani aliuliza?

Ndugu yake Bathsheba, Priscah, ndiye aliyekataa. Alimpeleka hospitali kubwa. Mogire akafuata.

"Anaumwa..." Mogire alianza.

"Mzee, tumbo ni lako?" Daktari Faduma alimkatiza. "Mama, weka mkono mahali maumivu yalipoanzia."

Mkono ulishuka chini ya kitovu.

Picha ilionyesha ini safi. Uvimbe ulikuwa kwenye ovari. Walikata kinyama kidogo, kikapimwa maabara.

"Ovari ndiyo hutunza mayai ya uzazi," Daktari Faduma alieleza. "Hii ni saratani ya ovari, ya aina adimu. Chembe zake zinafanana na za ini. Zinatoa kitu kilekile kwenye damu. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi. Lazima tupige picha ya tumbo lote, juu na chini, na kinyama kipimwe."

"Atapona?" Mogire aliuliza.

"Tutampasua, tutampa dawa. Lakini imeanza kusambaa. Sitakudanganya."

Mogire akainama. "Alitaka kusema. Mimi nikamkanyaga."

Bathsheba alipasuliwa. Sasa anatumia dawa kali. Siku nyingine hata uji haupiti. Anajijibia mwenyewe kliniki, lakini amechelewa kupewa nafasi hiyo.

Nyarangi alikuja kumtazama, akanong'ona, "Hata mimi tumbo hujaa. Nikila kidogo tu nimeshiba."

"Na bado unaoka mkate?" Bathsheba alimwuliza.

Nyarangi alilia. Kesho yake akaenda hospitali, akasema yote. Alikutwa na uvimbe ambao si saratani. Ukatolewa. Amepona.

Huyo ni mmoja tu aliyesema mapema. Wewe je? Nyumbani kwako kuna mwanamke ambaye tumbo linajaa, halipungui, na anashiba upesi? Acha kusoma. Mwulize maumivu yalianzia wapi, kisha nyamaza umsikie. Mpeleke hospitali leo. Wakisema ini, uliza: "Na chini mmeangalia?" Usitoke hapo mpaka waangalie.