Kiatu cha Dohanini

Kiatu kilikuwa na joto. Hapo ndipo Kev, fundi wa majiko, alipotakiwa kufunga mdomo na kukirudisha alikokitoa. Yeye akakishusha kutoka kwenye dohani, lile bomba la moshi la ukutani, akakipuliza masizi, akampa Shona, mwenye nyumba.

Kiatu cha mtoto, cha kushoto. Ngozi nyeusi imekakamaa, kamba imepigwa fundo. Dohani yenyewe haijawashwa moto miaka na miaka, nyumba ilikaa tupu, baridi imeingia mpaka ndani ya kuta. Sasa joto la nini?

"Labda popo alikilalia," Kev akasema.

"Popo wa saizi gani huyo, fundi?" Callum akauliza.

"Mimi nafunga majiko, bosi. Mambo ya popo kaulize kwa daktari wa wanyama."

Wakacheka. Walicheka kweli.

Callum na mkewe Shona ni watu wa London. Walikaa ghorofani miaka wakimsikiliza jirani akipiga chafya, wanaota nyumba ya mawe yenye bustani na dohani. Wakaipata katika kijiji cha Wickle Parva: kanisa, baa moja, mto mdogo, daraja, basi. Mkopo wa nyumba uliwabana shingo, lakini Edie, binti yao wa miaka sita, angepata pa kukimbia. Kila walichofanya walimfanyia Edie.

Shona akakiweka kile kiatu dirishani, upande wa barabara. Eti urembo. Watu wa mjini hao, kitu kikishazeeka tu kwao ni urembo.

Wanakijiji wakapita na mbwa wao, wakakiona. "Kizuri," wanasema, wanatabasamu, halafu wanavuka upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyesema zaidi. Kule kumwambia mtu jambo la nyumbani kwake ni kukosa adabu, bora uungue na nyumba yako kuliko jirani aonekane mdaku.

Bi Maureen wa nyumba ya pili alileta keki ya limau. Mama wa miaka sabini hivi, mguu wa kushoto anauburuta, mkongojo mkononi. Alifika mlangoni akaganda, macho dirishani.

"Mmekitoa," akasema.

"Unakijua, Bi Maureen?"

"Hapana, mwanangu. Hiyo keki muile leo leo, kesho inakauka."

Kesho yake Shona akamwona anapanda kilima bila mkongojo. Akampungia mkono. Akasema moyoni, hewa ya huku dawa kweli.

Desemba kule giza linaingia saa kumi jioni, mtu hajamaliza hata chai yake. Siku hiyo kwanza ilikuja harufu, harufu ya sufu mbichi na nywele zilizoungua. Halafu sauti, huko juu, chumbani kwa Edie. Tuk. Kimya. Tuk. Kimya. Kama mtu anaruka kwa mguu mmoja.

"Edie! Acha kurukaruka huko juu!"

"Niko hapa, mama."

Alikuwa chini ya meza anachora.

Callum akapanda ngazi. Hakuna mtu. Ila viatu vya Edie, vya kushoto tu, vimepangwa mstari kitandani, na ndani ya kila kimoja kuna alama za masizi za vidole vya mguu. Vidole virefu. Mtu alikuwa anajipimia.

"Umefanya wewe hivi?"

"Ni yeye," Edie akasema mlangoni. "Anatafuta kinachomwenea. Vya kulia hataki."

"Yeye nani?"

Edie akapandisha mabega. "Aliniuliza jina langu nikamwambia."

Kuanzia hapo hakuna aliyelala. Walimlaza Edie katikati yao, na kila usiku blanketi upande wa miguuni linanyanyuka kidogo, harufu inapanda, na asubuhi mguu wa kushoto wa mtoto una masizi mpaka kwenye goti. Siku ya nne Shona akasema basi, nyumba nzuri au mbaya, tunaondoka. Wakamfunga Edie kwenye kiti cha gari, wakaacha taa zinawaka na mlango wazi, wakakimbilia mji wa Reading kwa dada yake Shona, na njia nzima mvua inapiga, malori yanawapita, mpaka walipoingia barabara kuu ndipo ile harufu ya sufu mbichi ikaanza kujaa garini, taratibu, kutokea nyuma, na Callum akatupa jicho kwenye kioo akaona mkanda wa kiti cha pembeni ya Edie, kiti kitupu kabisa, umevutwa ukafungwa, umekibana kifua ambacho hakionekani, na Edie amenyoosha mguu wake wa kushoto juu ya kile kiti, umeelea hewani kama umewekwa mapajani mwa mtu, na soksi inamtoka yenyewe, polepole, kutoka kisiginoni.

Callum akageuza gari. Kitu umekibeba mwenyewe garini, unakikimbia uende wapi?

Wakaenda moja kwa moja kwa Bi Maureen, maana ndiye aliyekishtukia kile kiatu. Alifungua mlango kabla hawajabisha.

"Kwa nini hukutuambia?" Shona akauliza.

"Sikupenda kuingilia, mwanangu."

"Kuingilia! Kitu kinamvua mwanangu soksi, wewe unaniambia kuingilia!"

"Shusha sauti. Kinasikia." Bi Maureen akawasogeza ndani, akaanza kunong'ona. "Kile kiatu kilikuwa mtego. Kile kitu kinaingia humo kumfuata mtoto aliyekivaa, halafu hakijui kurudi kinyumenyume. Kinakaa kinamsubiri. Wekeni kingine. Kiwe cha Edie, cha kushoto, mumvue sasa hivi kabla hakijapoa. Lakini kile cha zamani mkichome kwanza. Chote, isibaki hata kamba."

"Si turudishe kilekile?" Callum akauliza.

"Kile kimekwisha nguvu." Alijibu haraka kidogo.

Wakakichoma bustanini. Bi Maureen alikuja kutazama, akawa anajifuta macho. "Moshi," akasema. Halafu Callum akaingiza mkono dohanini na kile kiatu cha shule cha mtoto wake, bado kina jasho, akakiweka kwenye tofali, palepale kilipokaa kile cha zamani. Wakakaa gizani wameshikana. Tuk, kwenye ngazi. Tuk. Lile dude lisiloonekana likavuka sebule, likapita mbele yao, Shona akahisi sufu yenye maji inamgusa magoti, likaparamia dohani likikwaruza, na huko juu likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyefika kwake.

Kisha kimya.

Asubuhi Kev akaiziba dohani kwa matofali, hakuuliza kitu. Krismasi ikapita vizuri. Walilala, walikula, walicheka hata. Sema Edie akaanza kuburuta mguu wa kushoto, na ukiugusa ni wa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Daktari, kwa simu, akasema ni mambo ya kukua.

Siku moja asubuhi teksi ikasimama nje. Bi Maureen akatoka kwake na sanduku, amevaa viatu vya kisigino kirefu, anatembea kama msichana.

"Safari, Bi Maureen?"

"Baharini. Sijawahi kuiona bahari, mwanangu. Lile daraja lenyewe sijawahi kulivuka."

Shona akamtazama ile miguu. Akatazama nyumba yake. Ikamwingia yote kwa mpigo.

"Kile kiatu kilikuwa chako."

"Baba alikiweka. Tulikuwa tumepanga hapo kwenu. Mlivyokitoa tu, mguu ukapata joto siku ileile."

"Ukatuambia tukichome."

"Ndiyo. Mngekirudisha, ningefungwa mimi tena."

"Ana miaka sita yule!"

"Mimi nilikuwa na mitano." Akafunga skafu yake vizuri. "Mkitaka, bomoeni mkitoe kiatu chake. Na kile kitu nacho kitatoka, na jina la mtoto si kinalijua?"

Akaingia kwenye teksi. Hakugeuka.

Callum hakutaka kusikia maelezo. Alimbeba Edie na pajama zake akamtupia kwenye gari, Shona akarukia mbele, wakaondoka mbio, na walipofika darajani matairi ya mbele yalipogusa tu upande wa pili mtoto akapiga ukelele ambao Shona hajawahi kuusikia kwa kiumbe chochote, mguu umenyooka kuelekea nyuma, kuelekea nyumbani, umevutwa mpaka nyonga inalia, na mkanda unamkata tumbo, na Callum akarudisha gari kinyumenyume huku analia na yeye, anapiga usukani, anasema basi, basi, tunarudi, basi.

Waliporudi upande wa kijiji Edie akanyamaza palepale.

Shona akamvua soksi. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Hakuna damu, hakuna kidonda. Ngozi laini tu, kama pale hakujawahi kuota kitu.

"Kila nikivuka anachukua kimoja," Edie akanong'ona. "Ndivyo alivyosema."

Callum akageuka nyuma. "Na usipovuka? Mwulize, mwanangu. Mwulize, tukikaa tu hapa, hatuendi popote?"

Edie akageuza shingo kutazama kule nyumbani kwao, akatega sikio. Akasikiliza muda mrefu.

"Anasemaje?"

"Anacheka."